Kitanda cha mtoto cha mtumba: kinafaa, ila kipime kwanza

Vitanda vipya vya watoto vimeadimika, na vichache vilivyopo bei yake haishikiki. Mimba yangu imefika miezi minane, kwa hiyo nilichukua cha mtumba, na nimeridhika nacho. Mbao ni ngumu, hazijaliwa na wadudu, na miguu haiyumbi hata nikikisukuma kwa nguvu. Nafasi kati ya fito niliipima kwa futi kamba: sentimita 5 na nusu. Isizidi 6, maana kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupenya kichwa kikanasa.

Kabla ya hiki nilikataa kingine kilichopendeza zaidi, chenye upande wa kushusha na kupandisha. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa aina hiyo mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto wachanga. Yule muuzaji alinuna, lakini kwa hilo sibembelezwi.

Skrubu mbili hazikuwepo, nikanunua. Godoro lake lilikuwa fupi na limebonyea katikati. Hilo nimelitupa, nimeagiza sponji ngumu ikatwe kwa kipimo, ibane pande zote. Inaniuma kwamba mzazi ahangaike hivi kupata mahali pa kumlaza mwanawe. Aliyeniuzia amebaki na kingine kama hiki, anayekihitaji awahi.