Reply 1988: mimi nilimtafuta mume, mama akawatazama majirani

Reply 1988 nimeiangalia mara mbili, na ya pili ndiyo iliyonifumbua macho. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, usiku, simu nimeiegemeza kwenye cherehani, kichwani nina swali moja tu: Deok-sun, binti wa tamthilia hiyo, ataolewa na nani? Mara ya pili niliiangalia na mama yangu sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga, na swali hilo yeye halikumwingia hata kidogo.

"Hii haina stelingi?" aliniuliza siku ya kwanza, tulipofika nusu saa.

"Wapo kama kumi na tano, mama. Chagua mmoja."

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya Kikorea ya kituo cha tvN, sehemu 20, iliyoanza Novemba 2015 ikaisha Januari 2016. Mwongozaji ni Shin Won-ho, mwandishi ni Lee Woo-jung. Ni familia tano za kichochoro kimoja cha Ssangmun-dong, jijini Seoul, na vijana watano waliokua pamoja humo. Sehemu ya mwisho ilivuta karibu asilimia 19 ya watazamaji, na wakati ule hakuna tamthilia ya kituo cha kebo kule Korea iliyokuwa imefika hapo. Ajabu ni kwamba haina adui. Hakuna sumu, hakuna mtoto aliyebadilishwa hospitali, hakuna mama tajiri anayemtupia binti maskini bahasha ya pesa ili amwache mwanawe.

Na mimi nililelewa na bahasha hizo. Nilianza na Boys Over Flowers, ile ya 2009, niliyoingiziwa kwenye flashi na kijana wa kibanda cha muvi. Sehemu ya 17 ilijirudia mara mbili, ya 18 haikuwepo. Niliporudi kulalamika akaniambia, "Dada, we endelea tu, utaelewa." Na kweli nilielewa! Ukishamwona Gu Jun-pyo, tajiri mkorofi, na Geum Jan-di, binti wa dobi, iliyobaki unaweza kuisimulia mwenyewe huku unakata kitambaa. Sikatai, nililia kama kila mtu. Lakini nikiirudia leo naona wale watu hawana kazi nyingine duniani ila kupendana na kuzuiwa wasipendane. Wazazi wa Jan-di wapo wa kuchekesha tu. Stelingi akitoka chumbani, wanaobaki ni kama wanazimwa taa.

Siku hizi mhusika nampima hapo hapo: stelingi akiondoka, yeye anabaki na la kufanya? Kwenye Reply 1988 wanabaki nalo mpaka unasahau kwamba kuna mtu ameondoka.

Chukua sehemu ya kwanza, wakati wa chakula cha jioni. Kila mama amepika, na kila mama amekumbuka jirani. Mtoto anatumwa na bakuli nyumba ya pili, kule anapewa bakuli jingine arudi nalo, halafu hilo nalo linazaa safari nyingine. Wanapishana kichochoroni na mabakuli mikononi, huyu anashuka, yule anapanda, mpaka mmoja anachoka na kulalamika kwamba kama ni hivi si bora wangekula wote pamoja. Wakati huohuo kamera inarudi kwa Taek na baba yake, wanaume wawili katika nyumba isiyo na mama, na meza yao iliyoanza ikiwa tupu inajaa taratibu mpaka hakuna pa kuweka kijiko.

"Futari hiyo," mama akasema. "Tena mwezi kumi na tano, watoto wamechoka kutumwa." Akanikumbusha yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa akirudisha sahani na chumvi ndani ikiwa hana kingine, maana sahani hairudi tupu. Nikasimamisha video ili amalize kusimulia. Tulisimamisha sana. Sehemu moja yenyewe ni zaidi ya saa moja na nusu, kwetu ilikuwa inakwenda saa mbili na nusu.

Kilichomwingiza zaidi ni majina. Wanawake wa kichochoro kile hawaitani kwa majina yao, wanaitana kwa majina ya watoto wao: mama wa fulani, mama wa fulani. Mama yangu ameitwa kwa jina la kaka yangu tangu mwaka aliozaliwa kaka, na sidhani kama majirani wote wanajua jina lake la utotoni. Basi hao wanawake watatu wanaokaa nje kwenye kitanda cha mbao wakimenya mboga na kuteta, kwake walikuwa kibaraza tu. Jambo la kufurahisha: waigizaji wengi wa wazazi wamepewa majina yao wenyewe ndani ya hadithi. Ra Mi-ran anaigiza Ra Mi-ran, Sung Dong-il anaigiza Sung Dong-il. Labda ndiyo sababu wanavaa zile nguo za nyumbani kama hawakuvalishwa na mtu.

Uganda nayo imo. Mwaka 1988 ni wa Olimpiki ya Seoul, na Deok-sun amechaguliwa kubeba bango la nchi mbele ya wanamichezo siku ya ufunguzi. Amefanya mazoezi kwa bango la Madagascar, na Madagascar inajitoa. Hilo si la kutunga, kweli haikwenda Seoul mwaka ule. Binti analia kama kafiwa. Mwishowe anapata bango la Uganda. "Uganda hii hii?" mama akauliza, akasogea karibu na skrini kana kwamba atamwona mtu anayemjua.

Kisha likaja la yai.

Deok-sun ni mtoto wa kati. Dada yake Bo-ra anasoma chuo kikuu na ana ulimi wa wembe, mdogo wao No-eul ni wa kiume. Mayai yakikaangwa mawili, yanakwenda kwa hao wawili. Kuku akija, mapaja ni yao, bawa ni la Deok-sun. Siku ya kuzaliwa yake na ya dada yake zimekaribiana, kwa hiyo keki inanunuliwa moja: mishumaa inawashwa kwa Bo-ra, inazimwa, inapunguzwa, inawashwa tena kwa Deok-sun. Mwaka huo anapasuka. Anayataja yote, yai, paja, hata jina alilopewa, huku analia kwa sauti ya mtu aliyekuwa anahesabu kwa miaka. Kinachoniua ni nyuso za wazazi. Hawana hasira, wameduwaa. Walikuwa wanadhani hapendi.

Mimi ni wa pili kati ya watatu. Nilitazama mbele tu.

"Lakini wewe," mama akasema baada ya muda, "ulikuwa unapenda shingo."

Sijawahi kupenda shingo.

Usiku huo baba wa Deok-sun anamsubiri njiani na keki ndogo, anamwambia kwamba yeye naye hakuzaliwa baba, ndiyo mara yake ya kwanza kuwa baba, amsamehe. Tamthilia nyingine ingepiga kinanda hapo dakika tano. Hii imewakalisha tu. Na huyu baba si malaika: ni mfanyakazi wa benki anayekaa na familia chini ya nyumba ya jirani, nusu ya dirisha iko ardhini, kwa sababu alimdhamini mtu mkopo. Akilewa ananunua takataka zote za wachuuzi wa njiani kwa huruma, mkewe anabaki kuhesabu senti. Unampenda na unamwelewa mkewe anapotaka kumkaba, yote kwa wakati mmoja.

Msiba wa sehemu ya pili nao sijauona mahali pengine. Bibi mzaa baba amefariki, watoto wanafika wakijiandaa kwa vilio, wanamkuta baba anacheka, anakunywa na wageni, anacheza nao karata. Wanamshangaa, wanamwona hana moyo. Inapofika usiku, kaka mkubwa anaingia kutoka Marekani, na ndugu wote wanaanguka mikononi mwake wakilia kama watoto wadogo. Kwetu wanaume wanakaa nje kwenye mikeka msibani, na wapo wanaotaniana hadi usiku. Nilikuwa mdogo na mimi, nikawachukia kwa hilo.

Sasa niseme la mama yangu, maana bila hilo haya maoni yangekuwa mengine. Tamthilia ya Asia ya kwanza aliyoipenda ni ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake wawili, iliyorushwa na TBC mwaka 2011 ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ile aliifuata mwenyewe, hakumhitaji mtu. Hii yangu ina maandishi ya Kiingereza chini. Mama anasoma Kiswahili bila shida, anasoma na herufi za Kiarabu, lakini Kiingereza hajui. Kwa hiyo nilikuwa namtafsiria kwa mdomo, sentensi kwa sentensi, na nikizidiwa nafupisha. Akishtukia nimefupisha ananigombeza: "Amesema maneno mengi, wewe umenipa mawili."

Tukafika kwenye pasipoti. Jung-hwan, kijana mkavu wa maneno, anamuuliza mama yake kwa simu jina limeandikwaje kwa Kiingereza. Mama yake, Ra Mi-ran, mwanamke mwenye sauti ya kujaza mtaa mzima, anaanza kukwepa. Kijana hashituki, anasisitiza. Mwishowe anamwambia polepole kwamba mama yako hajui kusoma Kiingereza.

Maandishi yakapita chini. Sikuyasema.

"Mbona umenyamaza? Amesemaje?"

Nikamwambia. Mama hakugeuka. Akasema, "Mwanaume mzima, hajui mama yake anasoma nini." Kisha akataka kuona uso wa kijana, nikarudisha nyuma, akautazama, akaridhika kwamba ameona aibu. Ninaamini mwandishi aliiweka ile simu kwa ajili ya Jung-hwan, atufundishe kijana ni wa namna gani. Mama aliitazama kutoka upande wa pili wa waya.

Kasoro zipo. Sauti ya mbuzi inayolia kila mzaha unapodorora inachosha ifikapo sehemu ya tano (mama alichungulia dirishani mara mbili). Bo-ra anavyomvuta nywele na kumpiga mdogo wake, tunatakiwa tucheke, na mimi sikucheka. Deok-sun tunaonyeshwa kila siku kwamba ni wa mkiani darasani, halafu hadithi inaruka hadi 1994, tunamkuta mhudumu wa ndege, keshajipanga. Alifikaje? Kwa msichana aliyelilia yai kwa uchungu ule, hiyo safari ilikuwa haki yake tuione. Tukapewa nusu saa nyingine ya kukisia mume.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Hadithi inasimuliwa na Deok-sun wa utu uzima akiwa na mumewe, tusiyeambiwa ni yupi kati ya wale vijana, na kwa sehemu nyingi mume huyo anatania na kubisha kwa mtindo wa Jung-hwan. Halafu tunaambiwa ni Taek, kijana mpole anayecheza baduk, mchezo wa ubaoni wa kupanga vijiwe, na asiyeweza hata kufungua maziwa. Nampenda Taek, na Park Bo-gum amemwigiza kwa macho tu. Lakini kutudanganya kwa kumpa mtu tabia ya mwingine ni ujanja wa mchezo wa karata tatu, na tamthilia iliyosema kweli kuhusu shingo ya kuku haikuhitaji kabisa ujanja huo.

Lakini hukohuko ndiko kuna tukio ambalo siwezi kulilaumu. Sehemu ya 18, Jung-hwan anaendesha gari mbio kumfuata Deok-sun ukumbini, na taa za barabarani zinamzuia moja baada ya nyingine. Anafika, anamkuta Taek keshatangulia, kaacha mechi yake ili aje. Njiani kurudi anajikubalia kwamba si taa zilizomchelewesha, ni kusitasita kwake mwenyewe kwa miaka yote ile. Baadaye anamwambia Deok-sun yote mbele ya wenzake, na pete juu ya meza, halafu anaigeuza kuwa mzaha. Wanacheka. Kuanzia hapo hadithi inamsukuma pembeni, ikabaki na harusi za wengine.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Nilidhani amelala. Nilipozima akauliza:

"Huyu kijana wa taa ndiye yule wa pasipoti?"

"Ndiye."

"Mama yake anajua?"

"La binti? Sidhani, mama."

"Hm," akasema, akainuka kwenda kufunga mlango wa uani.