Mkataba wa kufundisha umeisha: twisheni au uwakala wa pesa?

Kwa mtaji, twisheni inashinda bila ubishi: ubao mdogo, chaki na mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya miaka iliyopita. Uwakala wa pesa za simu unadai TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara na mtaji uliogawanywa: floti, yaani salio la wakala kwenye simu, na keshi mkononi. Hapo ndipo wengi hukwama. Mwisho wa mwezi wateja wanatoa tu, keshi inaisha huku floti imejaa, na kamisheni inakupita. Matapeli nao hutuma meseji za kughushi kwamba pesa imeingia. Angalia salio kwanza, ndipo uhesabu noti.

Twisheni ina msimu. Huchangamka kabla ya mtihani wa darasa la saba Septemba na kidato cha nne Novemba, kisha Desemba kimya. Wazazi wengine huchelewesha malipo, kwa hiyo dai ya wiki mapema. Na kama unakaa Mbagala, Dar es Salaam, usichukue mwanafunzi wa Mbezi: foleni na nauli vitakula malipo ya kipindi kizima.

Ukipata shule tena, twisheni inahamia jioni. Kibanda cha uwakala kinahitaji mtu. Mwenye akiba na ndugu mwaminifu wa kukaa dirishani, uwakala unamfaa. Asiye na akiba lakini anaimudu hesabu, aanze na watoto watatu wa mtaani kwake.