Kadi ya mafuta kwa malori yangu matatu: miezi 14 baadaye

Kadi hii, ambayo dereva anaichanja pampuni kulipia mafuta badala ya fedha taslimu, niliichukua kwa sababu moja tu, punguzo. Nina malori matatu, mawili ya kuvuta tela na moja dogo, na kwa pamoja yanakunywa kama lita 8,000 za dizeli kwa mwezi. Mtu wa mauzo alinikuta nimeshachoka na risiti zenye mafuta ya mikono ya watu, nusu yake hazisomeki, akaniambia: asilimia 3 kwa kila lita, kwenye vituo vyote vya mtandao wao. Nikapiga hesabu haraka haraka, lita 240 za bure kila mwezi. Nikasaini siku hiyohiyo, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipokuwa.

Kampuni sitaitaja, maana mambo ninayoyasema utayakuta karibu kila kadi ya aina hii.

Punguzo lipo kweli, sijadanganywa. Ila kuna ada ya mwezi kwa kila kadi, kuna makato kila dereva anapochanja, na akijaza kwenye kituo kisicho cha mtandao wao makato yanakuwa makubwa zaidi. Mwisho wa mwezi wa pili nilikaa na taarifa ya kadi upande mmoja na kikokotoo upande wa pili. Zile lita 240 zilikuwa zimebaki kama 160. Madereva wangu walikuwa na tabia ya kujaza kidogo kidogo, lita 80 hapa, lita 100 pale, na kila mara makato yale yale. Tulipoanza kujaza tangi zima kwa mkupuo, sehemu ya hasara ilirudi.

Jambo lingine ambalo laiti ningeliuliza kabla ya kusaini: punguzo linahesabiwa kutoka bei gani? Mikataba iko ya namna mbili. Wa kwanza unakata asilimia kwenye bei iliyoandikwa kwenye pampu. Wa pili unachukua bei ya jumla, yaani bei ambayo kituo chenyewe kimenunulia, kisha unaongeza kiasi maalumu juu yake. Wangu ni wa kwanza. Ubaya wake unauona bei ya dunia inaposhuka. Dizeli kupanda hupanda usiku mmoja, kushuka hushuka kwa kusuasua, na katika wiki hizo za kusuasua mwenye mkataba wa bei ya jumla anakula raha wakati mimi ninapunguziwa asilimia 3 ya bei iliyovimba. Bei ikiwa inapaa, mambo hugeuka. Anayenunua nyingi kiasi cha kusikilizwa aombe alipie bei iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Nimeomba, nimekataliwa, lita 8,000 hazitishi mtu.

Halafu kuna mtego wa kukifuata kituo chenye punguzo. Programu yao ya simu inaonyesha vituo na bei, na kuna kimoja kilikuwa kikitoa asilimia 4. Dereva akakifuata kwa amri yangu, kilomita 18 nje ya njia. Kwenda na kurudi ni 36. Lori lililobeba mzigo likichoma lita 40 kwa kilomita 100, hizo ni lita 14 na ushee. Alijaza lita 300, punguzo likawa sawa na lita 12. Nimelipa ili nipunguziwe! Tangu siku hiyo, kituo ambacho hakipo njiani, kwangu hakipo kabisa.

Na kwa kuwa tuko kwenye imani za pampuni: madereva wangu wote wanaapa kwamba dizeli ya alfajiri ni nyingi kuliko ya mchana. Ni kweli dizeli hutanuka ikipata joto, kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Lakini matangi ya vituo yamefukiwa ardhini, na joto la kule chini halibadiliki sana kati ya asubuhi na adhuhuri. Kumwamsha mtu saa kumi alfajiri kwa ajili ya lita isiyotimia si haki.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nisiirudishe kadi. Kabla pampu haijafunguka, dereva lazima aingize namba ya siri na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Kwa hiyo kila ujazo unakuja na kilomita zake, na mfumo unakupa ujumbe ukiona jambo lisilo la kawaida. Usiku mmoja simu ikalia: lita 421 zimeingia kwenye tangi la lita 400. Nilihisi damu inachemka. Nikampigia dereva, akasema kwa upole, "Tajiri, tangi limejaa, njoo uangalie." Sikulala. Kichwani nilishaona madumu, nimeshaona anavyouza mafuta yangu barabarani.

Asubuhi nikachukua futi kamba, nikachuchumaa pembeni ya lori. Sentimita 120 kwa 65 kwa 60. Hiyo ni lita 468 kwa nje, ukitoa pembe za mviringo na nafasi inayoachwa juu kwa ajili ya mafuta kutanuka, unabaki na kama 440. Yale 400 niliyoyaandika kwenye fomu yalikuwa ya lori nililoliuza zamani. Dereva amesimama nyuma yangu, hasemi kitu. Nilimwomba radhi, na wala haikuwa rahisi.

Ila macho yalikuwa yameshafunguka. Nikaanza kugawanya kilomita kwa lita kila wiki. Malori mawili ya tela ni pacha: mwaka mmoja, injini moja, njia moja, mzigo uleule. Moja lilikuwa likienda kilomita 2.5 kwa lita, jingine 2.3. Ukiliangalia juu juu unasema si kitu. Kwa kilomita 8,000 za mwezi, ni tofauti ya lita karibu 300.

Fundi alikagua upepo wa matairi ya lile la 2.3, akakagua chujio la hewa, akakagua kama kuna breki inayokamata. Hakuna. Akachomeka kifaa chake kwenye kompyuta ya injini, ambayo huhifadhi saa ilizounguruma gari likiwa limesimama. Wastani wa saa tano kwa siku. Injini kubwa ya lori ikiunguruma bila kazi inakunywa kama lita 3 kwa saa. Lita 15 kwa siku, siku 22 za kazi, lita 330. Karibu mara mbili ya punguzo lote ninalobakiwa nalo kwa malori yote matatu.

Nikamuuliza dereva kwa nini hazimi kwenye foleni ya kushusha. Akaniangalia. "Nikizima haliwaki, tajiri. Betri nilikuambia mwaka jana."

Alikuwa ameniambia. Nikasema zivute vute kwanza. Betri mbili mpya zilirudisha gharama yake kabla hata sijazoea kuziona.

Malalamiko yangu kwa kampuni ni mawili. La kwanza ni huduma ya usiku. Dereva wa lori dogo alikosea namba ya siri mara tatu, kadi ikajifunga, nikapiga ile simu wanayosema inapokelewa saa 24, ikaita mpaka ikakata. Amelala pampuni mpaka saa mbili asubuhi, mzigo ukachelewa. Sasa kila lori lina fedha kidogo ya dharura, jambo ambalo kadi ilipaswa kuliondoa. La pili ni taarifa zao: makato yamefichwa kwenye ukurasa wa mwisho kwa maandishi ya kutafutia miwani.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kwa punguzo peke yake ningeipa mbili.

Mkataba umeisha mwezi uliopita. Nimewapelekea lita zangu za mwaka mzima, wakakubali kufuta makato ya kila kuchanja, ada ya mwezi wamekataa kuigusa. Nimesaini tena. Madereva nimewaambia nusu ya kila lita itakayookolewa chini ya wastani wa mwaka jana ni yao, inalipwa na mshahara. Siku hizi mimi siulizi tena. Jumapili jioni simu inalia, na kabla hata ya salamu: "Tajiri, wiki hii tumetoka ngapi?"