Kiunzi cha Plastiki cha Sentimita 85: Mifupa Ipo, Viungo Vimepotoshwa

Kwa miezi minne nimekuwa nikitumia kiunzi cha mifupa cha plastiki chenye urefu wa sentimita 85, yaani takriban nusu ya kimo cha mtu mzima, kinachosimama juu ya kitako cha chuma na kuambatana na kijitabu cha maelezo. Kwa anayetaka kujifunza mifupa, ni chombo kizuri. Kwa anayetaka kuelewa viungo, kina kasoro ambazo ni vyema kuzijua mapema, kwa kuwa baadhi yake humfundisha mwanafunzi jambo lisilo la kweli.

Sehemu iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi ni kifua na uti wa mgongo. Gegedu za mbavu, yaani tishu ngumu lakini nyumbufu kwenye ncha zake, zimetengenezwa kwa mpira laini wa rangi ya kijivu, hivyo kwa kupapasa tu mtu anatambua kwamba jozi saba za juu zinafika kwenye kidari (mfupa wa katikati ya kifua) kila moja kwa gegedu yake, jozi tatu zinazofuata zinaegemea gegedu iliyo juu yao, na mbili za mwisho zinaishia hewani. Visahani vilivyo kati ya pingili navyo ni laini na vinabonyea. Jambo hilo si dogo, kwa sababu katika mwili halisi visahani hivyo huchukua karibu robo ya urefu wa uti wa mgongo.

Boksi linatangaza mifupa 206. Nimehesabu, pamoja na mifupa ya fuvu inayotenganishwa na mistari ya mishono, nikapata 199. Vifupa sita vya masikio havimo, na haumo mfupa wa hayoidi, ulio chini ya ulimi na usioungana na mfupa mwingine wowote. Upungufu huo nausamehe, ingawa tangazo lingeweza kusema kweli.

Nisichokisamehe ni bega. Kombe la bega, yaani mfupa bapa ulio nyuma ya bega, limefungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye mbavu, ilhali katika mwili wa binadamu hakuna kiungo cha mfupa kati ya kombe na mbavu. Kombe hushikiliwa na misuli na huteleza juu ya mgongo, na njia pekee ya mifupa inayouunganisha mkono mzima na kiwiliwili ni mtulinga, mfupa mwembamba wa mbele ya bega unaoanzia kwenye kidari. Mwanafunzi akiinua mkono wa kiunzi hiki, kombe halisogei hata kidogo, naye ataondoka akiamini kwamba kuinua mkono ni kazi ya kiungo cha bega peke yake.

Goti ni baya zaidi. Fupa la paja na la ugoko yameunganishwa kwa skrubu moja, na matokeo yake ni kwamba goti linakunjika kwenda mbele kwa urahisi uleule linavyokunjika kwenda nyuma. Kazi ya kulizuia, mwilini, hufanywa na tishu laini: ligamenti (kanda zinazofunga mfupa kwa mfupa) mbili zinazopishana ndani ya kiungo, nyingine mbili pembeni, na kano (zinazofunga msuli kwa mfupa) na misuli inayolizunguka goti. Zote hizo hazimo. Pia ya goti imegandishwa kwa gundi kwenye fupa la paja, wakati kwa kweli imo ndani ya kano ya misuli ya mbele ya paja na hupanda na kushuka nayo.

Kuhusu misuli, kiunzi hakina hata mmoja, lakini upande wa kushoto umepakwa rangi: nyekundu mahali msuli unapoanzia, buluu mahali unapoishia. Mpango huu umenifaa kuliko nilivyotarajia. Alama za baisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, kwa mfano, ni nyekundu kwenye kombe la bega na buluu kwenye mfupa wa kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo) ulio upande wa kidole gumba, na kutokana na hizo mbili mtu anaweza kung'amua mwenyewe kwamba msuli huo haukunji kiwiko tu, bali pia hugeuza kiganja kutazama juu. Asiyeamini akunje kiwiko, ashike mkono wake wa juu, kisha azungushe kigasha kama anayekaza skrubu kwa mkono wa kulia. Atausikia ukijaa chini ya vidole. Bahati mbaya mifupa miwili ya kigasha cha kiunzi imeumbwa kipande kimoja, hivyo mzunguko wenyewe hauwezi kuonyeshwa.

Kijitabu kina majina na michoro tu, na neno ligamenti halimo popote.

Nimefungua skrubu ya kombe la kushoto na kuliachia lining'inie kwenye mtulinga kwa vipande vitatu vya mpira wa kushonea, na nyuma ya goti nimebandika utepe mgumu unaolizuia lisipite mstari ulionyooka. Kombe sasa linateleza, japo linachakaza rangi ya mbavu ya tatu.