Chupa ya Maji ya Kupandia Milima ya Kaskazini: Anza na Kifuniko

Tulikuwa tumebakiza kama saa moja kufika juu ya mlima Ololokwe, huku Samburu kaskazini mwa Kenya, wakati kijana wa Kisamburu aliyekuwa akituongoza aliponisimamisha. "Dada, mgongo wako umelowa. Hilo si jasho." Ubaridi huo nilikuwa nimeuhisi tangu tulipopumzika chini ya mgunga, nikaufurahia. Nilipovua begi nilikuta blanketi, nguo za kulalia na mkate vimelowa chapachapa, na mfuko wangu wa maji wa lita tatu umebaki na kama kikombe kimoja na nusu. Chanzo nilikiona usiku, kwa tochi: chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko punje ya wimbi, imekaa kati ya pete ya mpira na ukingo wa kifuniko.

Mfuko huo niliununua kwenye kibanda cha eksibisheni katikati ya jiji, siku moja kabla ya safari. "Madam, hii ni orijino, hata wanajeshi wanatumia," muuzaji aliniambia, nami nikatoa pesa.

Yule kijana alinigawia maji yake. Alikuwa ameyabeba kwenye galoni la mafuta ya kupikia, na ndani ya kifuniko alikuwa ametia kipande cha tyubu ya pikipiki alichokikata kwa kisu kikatoshea sawasawa. Galoni hilo alilitupa mgongoni limelala, akapanda nalo mpaka juu, na halikudondosha hata tone. Tangu siku hiyo sinunui chombo cha maji kabla sijakikagua kifuniko chake, na kwa kuwa wasomaji kadhaa wameniandikia wakilia kilio hichohicho, mwongozo huu wote nimeuegemeza hapo. Rangi, umbo na mshikio utaviona mwenyewe dukani.

Kifuniko kizuri cha Nairobi kinaweza kuwa kibaya Samburu. Vumbi la kule ni laini kama unga wa muhogo, na upepo haupumziki, hasa upande wa mlima Kulal ambako unashuka kuelekea Ziwa Turkana kwa nguvu ya kung'oa hema. Kila unapofungua chupa unywe, vumbi linatua kwenye ukingo. Kifuniko chenye pete ya mpira kinataka mpira ule uugandame ukingo pande zote. Chembe moja ikiingia, maji yamepata njia. Halafu kuna joto. Unajaza chupa saa kumi na moja alfajiri kukiwa na baridi, unaifunga, unaanza kupanda. Ikifika saa sita mchana, hewa iliyobaki ndani imepata moto na kutanuka, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya nje inavyopungua uzito. Hewa ya ndani inayasukuma maji yatoke popote penye upenyo. Ndiyo maana chupa iliyokaa kavu mezani kwako Umoja au Rongai inaanza kulia ukiwa katikati ya mlima.

Na huko si mahali pa kupoteza maji. Milima ya kaskazini humpotosha mgeni: mlima Nyiru, wenye mita 2,752, ina msitu na vijito huko juu, na Kulal huvikwa ukungu. Kiu iko chini, kwenye uwanda na miteremko ya kwanza, mahali jua linapopiga mawe na mawe yakakurudishia joto usoni. Mimi hubeba lita tano kwa siku ya kupanda, na joto likizidi nabeba sita. Hizo ni kilo sita mgongoni, maana lita moja ni kilo moja. Sizitii zote katika chombo kimoja hata nikipewa bure, kwa sababu chombo kimoja kikipasuka au kikivuja, siku yote imekwisha.

Sasa chupa zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Nalgene ya lita moja, yenye mdomo mpana, na sifichi kwamba naipenda. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1949 huko Rochester, New York, ikitengeneza vyombo vya maabara, na ukishika kifuniko chake unaelewa kazi waliyoizoea: kuzuia kemikali isimwagike. Kigeuze ukitazame. Hakuna pete ya mpira. Ni plastiki inayokazana na plastiki, kwa mistari minene ya kukazia ambayo unaweza kuifuta kwa kidole gumba ikaisha vumbi kwa mara moja. Hakuna mpira wa kukauka, kupotea au kuchanika. Kifuniko kimefungwa kwa kamba yake kwenye shingo ya chupa, hivyo hakianguki mchangani mikono inapotetemeka kwa uchovu. Mdomo ni mpana kiasi cha kuingiza mkono wa mtoto, kwa hiyo unaiosha vizuri, na ubavuni kuna alama za vipimo. Alama hizo zinafaa sana unapotia dawa ya kusafisha maji ya mtoni, kwa kuwa dozi huhesabiwa kwa lita.

Ziko aina mbili. Ile angavu, ya plastiki iitwayo Tritan, ina karibu gramu 180. Ile nyeupe ya ukungu ni laini zaidi na ina karibu gramu 110. Mimi nachukua nyeupe. Haina sura, lakini moja yangu iliwahi kuniponyoka ikagonga mwamba, ikabingirika, nikaiokota ikiwa na kovu tu. Ukinunua angavu ya mtumba, tafuta iliyoandikwa Tritan, kwa sababu za zamani, kabla ya kampuni kubadilisha plastiki yake mwaka 2008, zilikuwa na BPA, kemikali inayoshukiwa kudhuru afya. Kasoro yake ni kwamba ukinywa huku unatembea utajimwagia kifuani, na ni nene kuliko mifuko ya pembeni ya mabegi mengi. Simama, unywe, ufunge, uendelee.

Ya pili ni Platypus, ule mfuko laini wenye kifuniko kidogo cha kuzungusha. Siuweki mahali pa Nalgene, nauongezea. Ukiisha maji unaukunja kama leso na hauchukui nafasi. Kwa kuwa unasinyaa kadiri unavyokunywa, unaweza kuikamua hewa yote kabla ya kufunga, na tatizo la hewa kutanuka linapungua. Kifuniko chake ni chembamba, hivyo vumbi lina sehemu ndogo ya kukaa. Uweke katikati ya nguo, mbali na jiko, kisu na vigingi vya hema. Mimi husafiri na Nalgene tatu na mifuko miwili ya aina hii.

CamelBak na wenzake wenye mrija nimewaweka nafasi ya tatu, na najua wengi watanuna. Kifaa hicho kilizaliwa Texas mwaka 1989, wakati Michael Eidson alipotia mfuko wa dripu ndani ya soksi akauvaa mgongoni kwenye mbio za baiskeli za masafa marefu, katika joto kali. Kwa mwendesha baiskeli asiyetaka kuachia usukani, ni kifaa cha maana. Kwetu sisi kina sehemu tatu za kuvuja: mdomo wa kujazia, mahali mrija unapoingia, na kile kidomo cha kung'ata. Kidomo hicho ndicho kinachonikera. Unatua begi kupumzika, kidomo kinalala mchangani, begi linakiegemea, maji yanadondoka polepole ardhini na wewe unapiga picha. Ukikiweka tena mdomoni unatafuna vumbi. Tena huoni kiasi kilichobaki hadi mrija unapokoroma. Ukishikilia kununua, chukua chenye swichi ya kufunga kwenye kidomo, na uifunge kila unapotua begi.

Chupa za chuma za kuhifadhi baridi zimejaa mjini na zinapendeza ofisini. Nyingi ni nzito hata zikiwa tupu, karibu zote zina pete ya mpira, na zile zenye mrija wa kukunja na kitufe cha kufungulia usizipeleke kaskazini hata kidogo. Vumbi likiingia kwenye kitufe, kifuniko hakifungi tena mpaka urudi nyumbani ukisugue kwa mswaki wa zamani.

Kama pesa ni kidogo, chupa tupu za maji ya dukani za lita moja na nusu, mpya mpya, zinatosha safari moja. Ni nyepesi na vifuniko vyake vinakaza. Usizitumie miezi. Kambini, mtungi wa lita kumi kutoka soko la Kamukunji, pamoja na kipande cha tyubu ndani ya kifuniko, kama cha yule kijana.

Kabla ya safari ifanyie chupa yako jaribio hili. Chota mchanga mkavu, uunyunyize kwenye ukingo wa chupa na ndani ya kifuniko. Futa kwa kidole tu, kama utakavyofanya mlimani, kisha ujaze, ufunge, uilaze juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa na doa, chupa hiyo ibaki jikoni.

Lakini nani atakuruhusu ujaribu dukani? Hapa ndipo ninapokasirika. Nimeingia duka la vifaa vya safari lenye vioo na taa nzuri, nikaomba maji nusu kikombe nijaribu kifuniko, nikatazamwa kama mwizi. Chupa ileile, ya ukubwa uleule, duka moja waliniuzia kwa shilingi 3,200 na jingine, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, wakanitajia 4,500. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa ushuru umepanda. Umepanda upande mmoja wa barabara tu? Na hawa wa mtandaoni wanaoandika "bei inboksi": ukienda huko wanakuuliza kwanza unakaa wapi, ndipo wakutajie bei. Mwenye Kileleshwa na mwenye Kayole wananunua chupa moja kwa bei mbili. Kifuniko kikivuja, namba haipokelewi. Mtu anayeuza chombo cha maji cha jangwani anajua mnunuzi anakwenda nacho mahali ambako hakuna kioski, na bado anauza pete ya mpira ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuibana.

Nalgene zangu mbili kati ya tatu nilizipata Soko la Toi, kwa mama anayeuza viatu vya mitumba na rundo dogo la chupa pembeni. Aliniambia 700 kila moja, tukashuka hadi 550. Nilipomwomba nijaribu vifuniko, hakuuliza swali. Alichota maji kwenye mtungi wake wa kunawia, akajaza ya kwanza mwenyewe, akakaza, akaipindua juu ya jozi ya buti za ngozi alizokuwa amemaliza kuzipaka rangi. Aliishikilia hivyo huku akimhudumia mteja mwingine, akahesabu chenji kwa mkono wa pili, kisha akanipa buti nizipapase. Zilikuwa kavu.