Utumishi wa Aliou Cissé Senegal: Tathmini

Nahodha wa Senegal aliyekosa penalti ya mwisho katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2002 jijini Bamako, Cameroon wakaondoka na kombe, Aliou Cissé, ndiye aliyekabidhiwa ukocha wa timu hiyohiyo mwaka 2015. Alipoteza fainali ya 2019 mbele ya Algeria, kisha Februari 2022 jijini Yaoundé, Sadio Mané, aliyekuwa amekosa penalti mapema katika mchezo huo, akafunga mkwaju wa ushindi dhidi ya Misri, Senegal wakatwaa kombe kwa mara ya kwanza. Ulinzi wa timu ya Cissé ulistahili sifa zote. Mashambulizi, kwa maoni yangu, yalitawaliwa mno na tahadhari, hasa walipofungwa 3-0 na Uingereza kwenye Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar.