Swali la tisa haliulizwi dirishani

Nyota mbili. Nilikuwa nimeweka moja, nikamkumbuka mnasihi, nikaongeza. Huenda nikifika mwisho nitabadilisha tena.

Hasira yangu iko pale mapokezi. Ni kituo cha ushauri nasaha hapa Dar, cha kulipia, jina naliacha. Ilikuwa kipindi cha mvua, benchi limejaa, watu wamebanana magoti kwa magoti. Dada wa dirishani ameshika fomu na anaisoma kwa sauti ile ya kuita namba benki. Mbele yangu yuko mama wa makamo.

"Mama, wiki mbili hizi umepata mawazo kwamba heri ufe, au ujidhuru?"

Benchi zima kimya. Hata aliyekuwa anaperuzi simu alisimamisha kidole.

"Hapana, mwanangu." Haraka haraka, kama mtu aliyeulizwa kama ameiba. Dada akaandika sifuri, akageuza karatasi.

Kwa asiyeijua, fomu hiyo ni PHQ-9. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, umakini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na hilo la mwisho. Unajibu 0 kama halikutokea kabisa, 1 kama ni siku kadhaa, 2 kama ni zaidi ya nusu ya siku, 3 kama ni karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Ukifika 10, mtaalamu anatakiwa akae na wewe mzungumze kwa undani habari ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. 20 na kuendelea ni kali. Fomu hii haipimi damu wala haipigi picha ya ubongo. Inategemea kitu kimoja tu, ukweli wa anayejibu. Ukiisoma mbele ya watu kumi na wawili, unachopima ni aibu.

Swali la tisa lina utaratibu wake. Hata likipata 1 na mengine yote yakawa sifuri, haliishii kwenye kujumlishwa. Anayelipokea anatakiwa siku hiyo hiyo, mlango umefungwa, aulize: mawazo hayo huja mara ngapi, umefikia kupanga, kuna kitu nyumbani kinachotakiwa kuondolewa, nani anaweza kukaa nawe usiku wa leo. Wengi huogopa kwamba kuuliza kunamtia mtu wazo hilo kichwani. Hakumtii wazo lolote. Akiulizwa kwa utulivu, mara nyingi anapumua. Kinachoharibu ni kuuliza kikarani, kalamu iko tayari kwenye sifuri. Yule mama aliingia ndani amebeba sifuri yake.

Nami nilitoka dirishani na jumla ya 4. Mnasihi akaitazama, akanitazama. "Kaka, hii umejibu wewe au limejibu benchi?" Akatoa fomu mpya, akanipa kalamu, akageukia dirisha la nje mpaka nilipomaliza. 16. Kwa 4 mtu hupewa pole na kuambiwa alale mapema. Kwa 16 kazi inaanza.

Na kazi yenyewe waliifanya vizuri, ndiyo maana hasira inazidi. Kwa upande wa sonona walitumia ratiba. Karatasi ina siku saba, na kila siku asubuhi, mchana, jioni. Wiki ya kwanza hubadilishi chochote. Unaandika ulichofanya na hali ya moyo kutoka 0 hadi 10. Wiki ya pili unaongeza mambo mawili tu, moja la kukupa raha, jingine la kukufanya useme "nimeweza". Madogo: kuoga kabla ya saa mbili asubuhi, kutembea hadi duka la pili badala ya la karibu, kumpigia simu mtu mmoja. Sonona huua hamu, ukaacha mambo, siku zikabaki tupu, na utupu ule ukailisha sonona. Ukisubiri hamu irudi ndipo uanze, utasubiri sana, maana mara nyingi huja nyuma ya tendo. Linaloharibika hapa ni lile lile kila mara: mtu anaandika "kuanzia Jumatatu nakimbia kilomita tano", Jumanne ameshindwa, na kushindwa kule kunakuwa ushahidi mpya dhidi yake. Dawa yake ni kulikata jambo nusu, na nusu tena, hadi liwezekane hata siku mbaya kuliko zote.

Wasiwasi una namna yake. Chukua mtu ambaye moyo ulimwenda mbio ndani ya daladala, mikono ikafa ganzi, akadhani anakufa, akashuka. Alipotua chini akapata nafuu, na mwili ukaandika somo: kushuka ndiko kuliniokoa. Safari ya pili hofu inamngoja kituoni. Mnasihi anayejua kazi hakwambii "usiogope". Kwanza anakuuliza kama daktari ameshaupima moyo na damu. Kisha mnajenga ngazi: kukaa ndani ya gari lililosimama stendi; kupanda kituo kimoja saa nne asubuhi, magari yana nafasi; vituo vitatu; halafu saa ya watu kutoka kazini. Kila ngazi unabaki mpaka hofu ianze kushuka yenyewe. Kwa kawaida hofu ya namna hii hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha huteremka. Ukikimbia ikiwa kileleni, umeilipa mshahara. Pumzi inasaidia, lakini ni ile ya polepole, ya tumboni, kutoa ikiwa ndefu kuliko kuvuta. Wale wanaokuambia "vuta pumzi nyingi" wanakuongezea kizunguzungu.

Usingizi naugusa tu: saa ya kuamka ni moja kila siku, na ukikaa kama dakika 20 macho makavu, toka kitandani. Kitanda si mahali pa kuhesabia madeni.

Kuhusu madeni na mawazo mengi, hapa ndipo wengi hudharau unasihi. "Ataninasihi, atanilipia kodi?" Hatakulipia. Mnaandika matatizo yote, mnachagua moja linaloweza kuguswa wiki hii, mnataja njia bila kuchuja, mnachagua moja, mnaipa siku na saa. Harare, Zimbabwe, bibi waliofunzwa wamekuwa wakiifanya kazi hii tangu 2006 kwenye mabenchi ya mbao nje ya vituo vya afya, mradi ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda. Wao huita *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, ambako sisi husema "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa 2016, uliofanywa kwenye vituo 24 vya jiji lile, ulionyesha waliokaa na bibi walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Benchi la mbao, wala si kiyoyozi. Ila ni benchi la watu wawili, mbali na foleni. Kituo chetu kina kiyoyozi.

Idadi ya vikao? Mpango mmoja wa Shirika la Afya Duniani, uitwao Problem Management Plus, una vitano, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja. Wengi huacha baada ya cha pili, nafuu haijafika, wakasema haifanyi kazi. Kweli, wakati mwingine haifanyi. Mnasihi akiongea kuliko wewe, akikuhubiria, asikupe zoezi la nyumbani, au akilisahau lile la wiki jana, hama. Na ukiwa unasikia sauti wasizosikia wengine, hulali siku kadhaa na bado una nguvu za ajabu, hauli, au umeshapanga kujiua, nenda hospitali leo. Maongezi peke yake hayatoshi hapo, na dawa si aibu. Za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usizitupe siku ya nne.

Turudi dirishani. Kikao cha kwanza, mnasihi alinieleza kwa utaratibu kwamba yatakayosemwa yatabaki chumbani, isipokuwa kama maisha yangu au ya mwingine yako hatarini. Ndivyo inavyopaswa. Mlango ni mzito, ukifungwa husikii kitu. Nje yake dada anaendelea kusoma swali la tisa.

Nimewaandikia. Wamejibu kwamba wanaokoa muda. Upi? Fomu ile mtu huijaza kwa dakika chache akiwa amekaa pembeni, wakati dada anahudumia mwingine. Asiyejua kusoma asomewe ndani. Gharama yake ni kalamu na ubao wa kuandikia. Dada mwenyewe simlaumu sana. Kapewa fomu, hakuelezwa ni ya nini. Aliyempanga pale ndiye namtaka.

Sawa, naweka tatu, na ni za mnasihi zote. Ukienda, ukifika dirishani sema: "Dada, naomba karatasi, nitajaza mwenyewe." Akikataa, mwambie utajibia ndani, na usitaje namba yoyote pale. Dirisha nimelipatia sifuri. Hiyo nimeijaza kwa mkono wangu.